Firigisi ya Gavana

Wewe uliyekosa gazeti la juma lililopita, usisikitike. Ulikosa kilio changu tu, na nitakifupisha.

Mume wangu Prudent, ambaye wazazi wake walimpa jina hilo la "mwenye busara" kwa matumaini, nilimtuma Mahagi-Port kupokea vifaranga wa mayai kutoka Uganda. Vita ikamshika njiani majuma matano. Tulimwombea, tukamlilia, hata matanga tulianza kuyapanga kichinichini. Kisha akarudi mzima, amenenepa, na sanduku la vifaranga mia moja wa nyama.

"Ulisema kuku," aliniambia. "Hizi haziko kuku?"

Tuliishia hapo. Leo naungama kosa langu mwenyewe, si la Prudent. Parokia sitaitaja, kwa sababu padri yuko hai na gazeti analisoma.

Mimi ni Mama Michée wa Nyakasanza, mtaa wa Bunia, mama wa watoto wanne, mwenye diploma ya graduat, miaka mitatu ya chuo cha ufugaji. Mwaka ule wa 2002 diploma haikuleta mshahara. Tulikula kwa sababu ya kuku: mayai yalinunua unga, unga ulilisha watoto. Kuku wakiisha, na sisi tumekwisha.

Aina zote nilikuwa nimezijaribu. Wale wekundu wa mayai, walioletwa kwa ndege wakati ndege bado zilibeba vifaranga, walitaga mwaka mmoja kama wendawazimu. Mwaka wa pili waliomba chakula tu. Na chakula chao kilitaka samaki wakavu wa ziwani, na barabara ya ziwani ilikuwa na vizuizi kumi na kimoja, kila kizuizi na njaa yake.

Kuku wa nyama wa Prudent walikuwa askari kamili: wanakula, wanalala, wanaamka kula. Risasi zikilia, wanakutazama. Kuku wa kienyeji wa mama mkwe, risasi ya kwanza tu, walikuwa chini ya kitanda kabla yangu. Lakini kuku wa kienyeji anataga kumi na mbili, anaatamia, analea, anapumzika, na wewe unamngoja kama mwalimu anayengoja serikali.

Mimi nilitaka kuku mwenye yote. Atage miaka mitatu au minne. Aatamie mwenyewe. Ajue kukimbia. Na siku ya kumla, sufuria isione aibu. Kuku huyo hauzwi sokoni. Anatengenezwa.

Wa kumtengeneza alikuwa Gavana.

Gavana alikuwa jogoo. Sista mmoja aliyefuga kuku safi wa aina ya Rhode Island upande wa Djugu, alipokimbia vita, aliniachia mayai sita ndani ya sufuria ya majivu. Likaanguliwa moja. Likakua jogoo mwekundu wa kuiva kama mawese, kifua kama mlango. Tulimwita Gavana kwa sababu mjini Bunia ndiye pekee aliyekaa kwenye kiti chake zaidi ya miezi sita.

Nilimtenga kwenye banda lake. Nikachagua mitetea kumi ya kienyeji, ile inayotaga sana na kuatamia vizuri, nikawaondolea jogoo wao wa zamani. Maana mtetea akishapandwa, mbegu ya dume inakaa mwilini mwake mpaka majuma mawili. Ukitaka vifaranga wa baba mmoja, lazima ungoje ya zamani iishe. Kwa hiyo niliwafungia mitetea yangu majuma matatu, bila mwanaume, kama watawa kwenye mafungo.

"Hata kuku umezinyima?" Prudent aliuliza.

"Zinasali," nilimjibu. "Jifunze kwao."

Kila jioni, tukiwa mezani, nilitoa somo. Aliyekaa mbele yangu ni mama mkwe, Mbambu, mzee wa meno manne na maneno machache. Miaka kumi hakuwahi kunisikiliza. Jioni moja akaniuliza mwenyewe:

"Hii Gavana, unasema iko muzuri?"

"Mama, ona kifua. Ona miguu. Hii njo bora kupita kuku yote ya Nyakasanza."

"Yote?"

"Yote. Hakuna ya pili."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikajiambia, Mama Michée, hatimaye mzee ameelewa.

Kweli alikuwa ameelewa.

Gavana angeingia kwa mitetea Jumatatu. Jumapili tulikwenda misa.

Wakati wa matoleo kwaya ilianza kuimba, na akina mama wakaja wakicheza kutoka mlangoni: mihogo, ndizi, maharagwe, mbuzi mmoja asiyependa kanisa. Nyuma ya mbuzi niliona mkia mwekundu ninaoujua. Mama mkwe alikuwa anacheza hatua zake fupi, Gavana kwapani, utepe mweupe mguuni. Utepe ulikuwa wa nywele za binti yangu Rebecca.

Nikasimama. Papo hapo risasi zikalia upande wa Mudzipela.

Kanisa zima likalala chini. Tulikuwa na mazoea. Hata watoto walijua benchi lao. Mimi nikaona Mungu amenipa njia. Nikaanza kutambaa kati ya mabenchi kuelekea mbele, nimnyang'anye mzee yule jogoo kabla watu hawajainuka.

Risasi zikanyamaza. Kwaya ikaendelea na ubeti pale pale ilipoukatia. Watu walipoinua vichwa, walinikuta nimepiga magoti mbele ya altare, kitambaa kimenidondoka, mikono mbele.

Abbé Théodore, tumwite hivyo padri wetu, aliguswa. Akaniwekea mkono kichwani akanibariki. Kisha akageuka akampokea Gavana kutoka kwa mama mkwe. Gavana akawika. Akina mama wakapiga vigelegele.

Nyumbani sikungoja kuvua viatu.

"Mama, kuku yote ya uani, weye ukachagua ile?"

"Mutoto yangu alikuwa mu vita," mama mkwe alisema. "Nikaahidi Mungu: ukimurudisha Prudent, nitakupa jogoo bora. Akamurudisha. Ningefanya nini?"

"Kuko majogoo ingine mbili."

"Nani alisema Gavana njo bora? Ni miye? Miye sina diplome."

Prudent alianza kucheka, akaniona uso, akatoka nje kucheka huko.

"Ao ulitaka nimupe Mungu ya namba mbili?" mama mkwe aliuliza, na aliuliza kwa kweli, anataka kujua.

 Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ametumia somo langu.

Jumatatu asubuhi nilifika parokiani na kuku wawili wa nyama, miguu imefungwa.

"Mon Père, jana kulikuwa kosa kidogo."

"Mama Michée, matoleo hayana kosa," alisema Abbé Théodore. "Tena jogoo hayuko hapa. Nimempa mama mmoja wa kambini mwenye watoto watano. Mungu hali kuku."

Nilijua vizuri kwamba Mungu hali kuku. Laiti mama mkwe wangu naye angalijua.

Kambi ya waliokimbia Djugu ilikuwa nyuma ya kanisa: nyasi, mahema ya plastiki, moshi. Mwenye jogoo aliitwa Alphonsine, mama mrefu, mkavu, aliyefika Bunia na watoto watano, sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Gavana alikuwa amefungwa kwenye kigingi cha hema. Kando yake sufuria ilikuwa motoni, maji yanaanza kutoa mvuke. Alphonsine alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe.

Hapa ndipo naungama. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Lakini nilitazama yale maji, na ulimi ukatangulia kichwa.

"Dada, usimuchinje. Hii jogoo nilimuchoma sindano ya ngombe. Nyama yake ni sumu, miezi tatu. Mutoto akikula, anatapika mpaka anaisha."

Kisu kikasimama. "Weye ni nani?"

"Niko graduée ya ufugaji."

Hilo peke yake lilikuwa kweli.

"Na mulileta sumu kwa Mungu?"

"Mama mukwe hakujua. Nipe nimurudishe. Nakupa hizi mbili, na kesho naleta ya tatu. Batoto bakule leo leo."

Alphonsine alimchukua mmoja wa kuku wangu, akambonyeza kifua, akatazama miguu, akafunua mabawa. Nikatambua, nimechelewa, kwamba nimekuja kumdanganya mtu aliyezaliwa bandani.

"Hizi zinataga?"

"Kidogo sana."

"Zinaatamia?"

"Hapana."

"Zinafanya nini?"

"Zinakula."

"Hiyo batoto yangu banafanya tayari." Akanirudishia kuku. "Na hii ya sumu, weye utaifanya nini?"

"Nitaizika."

"Utatoa kuku tatu juu ya kuzika moja."

"Ndiyo."

 "Kule kwetu batu balibakia mu njia bila kuzikwa," alisema, bila kuinua sauti. "Hapa Bunia kuku inazikwa na zingine tatu. Enda kwako, Madame Graduée. Kuku yenye weye unatolea tatu, miye nitaifuga."

Akaipua maji, akawaogesha watoto.

Nilirudi nyumbani na kuku wangu wawili, kichwa chini. Ningeweza kumwambia: dada, mimi nataka mbegu yake, tugawane. Maneno hayo yanatosha kinywa cha mtu yeyote. Lakini niliogopa kwamba akijua thamani yake ataniumiza. Ndivyo tulivyo tuliosoma: tunaficha kitu mpaka kinatuozea mkononi.

Juma moja baadaye nilipita tena kambini, nikajifanya naenda kwa masista. Nikakuta foleni. Akina mama saba wa kambini na wa mtaani, kila mmoja na kuku wake kwapani, wanapiga soga kama watu wa kliniki. Mbele ya foleni alikaa Alphonsine, na nyuma yake, ndani ya uzio wa matete, Gavana alikuwa kazini.

"Dada, ni nini hii?"

"Ulisema nyama yake ni sumu," Alphonsine alijibu. "Hukusema amekufa. Asiyeliwa atumike."

"Na banalipa?"

"Yayi moja. Lakini si leo. Kuku itage kwanza, kisha mwenyewe alete yayi. Sitaki deni ya mudomo." Akanionyesha kikapu chake kilichofunikwa na kitenge. "Leta zako. Kwako ni mayayi mbili."

"Kwa nini kwangu mbili?"

"Bale bengine hawakunidanganya."

Kwa hiyo alikuwa amehisi. Lakini mama wa watoto watano hawezi kujaribu sumu kwa kuhisi tu.

Mimi, mwenye diploma, nilipe mayai mawili ili jogoo wangu apande kuku wangu? Nilikataa. Kiburi kilinirudisha nyumbani mkono mtupu, na mitetea yangu kumi ikaendelea na mafungo.

"Hizo kuku zitaomba kuhamia parokia ingine," Prudent alisema.

Alhamisi ya juma lililofuata Prudent huyo huyo aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Bamekamata Mama."

"Nani?"

"Batu ba kambi. Banasema alileta sumu kwa altare ili kuua Padri."

Jambo lilikuwa hivi. Alfajiri mtoto mmoja wa kambini alianza kutapika. Mama yake akasema mtoto alikula yai. Yai la kuku gani? La kuku aliyepelekwa kwa Gavana. Gavana ni nani? Jogoo wa sumu, graduée mwenyewe amesema. Nani alimleta mbele ya altare? Mzee Mbambu. Na vya altare anakula nani? Padri. Kambi nzima ilifikia jibu kabla jua halijapanda.

Msicheke. Mwaka ule mjini Bunia mtu hakuhitaji kosa ili afe. Neno "sumu" lilitosha, na mara nyingine hata neno halikuhitajika.

Nilimkuta mama mkwe kwenye hangar, lile banda la katekisimu, amekaa kwenye benchi la watoto, mikono mapajani. Nyuma yake wanaume sita na fimbo. Mbele yake alisimama Fabien, prezida wa kambi, zamani mkuu wa shule ya msingi, bado ana kalamu mfukoni. Kati ya miguu yake kilikaa kikapu cha Alphonsine na mayai yake. Abbé Théodore alikuwa kwenye kiti, na uso wa mtu anayejaribu kukumbuka alichokula juzi. Alphonsine alisimama pembeni, amemshika Gavana kifuani.

"Madame Graduée," Fabien alianza. "Ulimuambia huyu mama kama jogoo iko na sumu?"

"Ndiyo, prezida."

"Sumu gani?"

"Hakuna sumu. Nilidanganya."



"Ulidanganya wakati ile," Fabien aliuliza, "ao unadanganya sasa?"

Miaka mitatu nilikaa darasani, na swali hilo hakuna aliyenifundisha kulijibu.

"Wakati ile. Nilitaka jogoo yangu."

"Juu ya jogoo moja, mutu anadanganya namna hii?"

Basi nikaeleza. Nikaanza na wale wekundu wanaotaga mwaka mmoja, nikaja kwa wale wa nyama, nikapita kwa kuku wa kienyeji, nikafika kwa Gavana na mitetea kumi. Lilikuwa somo langu zima la mezani, na sijawahi kusikilizwa vile. Mmoja wa wenye fimbo aliinua mkono.

"Zinataga miaka tatu kweli?"

"Hata ine, kama unazipa chakula kizuri."

"Na zinaatamia?"

"Kama mama yake ni kuku ya kwetu, ndiyo."

"Na rangi?" mwingine aliuliza. "Ju kuku nyeupe, bale ba bunduki banaiona mbali."

"Nyekundu ao ya madoadoa. Inajificha vizuri."

"Aah, ile muzuri."

"Tuko tunahukumu ao tuko tunafuga?" Fabien aliuliza, na fimbo zikanyooka tena.

Mama mkwe alikuwa ananitazama. "Mama Michée. Sasa Gavana hakukuwa bora?"

"Alikuwa bora, Mama. Ile sikudanganya."

"Basi sikuibia Mungu," alisema, akatulia kabisa. 

Fabien alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Mudomo moja umesema maneno mbili. Mudomo hautoshi tena. Mumupike jogoo hapa, mumukule hapa, weye na muzee. Kengele ya jioni ikiwakuta bazima, mwende kwenu."

"Na isipotukuta wazima?" aliuliza Prudent, ambaye kila mara huuliza lisiloulizwa.

Fabien akamwonyesha fimbo kwa kidevu.

"Na miye?" Alphonsine alisema. "Jogoo ni yangu, Padri alinipa. Banamukula juu ya maneno yao, batoto yangu bapate nini?"

"Kuku tatu," nilisema.

"Zile za kukula tu?"

"Hapana. Mitetea yangu. Ile ya kwetu, ya kuchagua."

"Ine."

"Ine."

Tukaenda pembeni kumchinja, mimi nimeshika mabawa, yeye miguu. Gavana alikuwa mzito kuliko nilivyomwacha. Alinitazama kwa jicho moja, kama bosi anayemkumbuka karani wa zamani. Nikaweka kisu shingoni.

Ndipo nikakumbuka jambo.

"Dada," nikanong'ona. "Ile mayayi ya kikapo. Ni ya kuku zenye zilipita kwake?"

"Yote. Majogoo yao vita ilikula zamani. Si nilikuambia, itage kwanza, kisha balete."

"Ya tangu lini?"

"Ya kwanza tulikula. Ile inabakia ni ya siku tano, sita. Ishirini na tatu."

Mayai ishirini na matatu. Mabichi, hayajaatamiwa, na mbegu ya Gavana ndani. Mama wa kienyeji, baba Rhode Island. Kuku wale wale niliowataka miaka miwili walikuwa wamekaa kwenye kikapu kati ya miguu ya Fabien, na nyumbani nilikuwa na mitetea miwili iliyoanza kuatamia mawe.

"Kama tunabaki bazima," nilimwambia Alphonsine, "tunagawana vifaranga. Nusu yako, nusu yangu."

"Neno hiyo," alisema, "ungenipa siku ile ya maji."

Nikapaza sauti. "Prezida, ile mayayi itaenda wapi?"

"Ya sumu inaenda mu choo."

"Na kama haiko sumu?"

"Kufeni kwanza, ao musikufe. Kisha tutajua."

Nikakata. Gavana alikufa kama magavana wengine wa mji huu: kwa kelele, na bila makabidhiano.

Tulimpika hapo hapo juu ya mafiga matatu, chumvi na kitunguu cha masista. Harufu ilipoanza kupanda, wenye fimbo walisogea karibu hatua moja, kisha hatua nyingine, na fimbo zikaanza kuegemezwa ukutani. Lakini hakuna aliyeomba kuonja.

Nikapakua. Firigisi nikaiweka juu, kama inavyowekwa.

Sasa, firigisi kwetu ni ya mwanaume. Mwanamke anaipasua, anatoa mchanga, anaimenya, anaipika, anaiweka juu ya sahani, na anageuza uso. Nimeona mahari ikarudishwa kwa sababu firigisi haikuonekana sahanini. Kwa hiyo mikono yangu, bila kuniuliza, ilipeleka sahani kwa Abbé Théodore.

"Leo nafunga," alisema.

"Mon Père, leo ni Alhamisi."

"Nafunga Alhamisi."

Nikaenda kwa Fabien. "Miye niko juge, miye nahukumu," alisema, akarudi nyuma. "Juge hakule."

Nikawageukia wenye fimbo. Wote sita walikuwa wanatazama paa.

Nikaja kwa Prudent, mume wangu, mwana wa mshitakiwa, aliyewekewa nadhiri ya jogoo yule.

"Tumbo yangu iko inauma tangu jana," Prudent alisema. "Nilisahau kukuambia."

Tangu Mungu aumbe kuku, nadhani ndiyo siku ya kwanza firigisi kukosa mwanaume.

"Lete hapa," mama mkwe alisema.

"Mama?"

"Miaka makumi sita nimepika filigisi. Ya baba yangu, ya bwana yangu, ya huyu mutoto. Hata moja sijaonja. Leta."

"Ngoja niikate kwanza. Iko nguvu, na meno yako..."

"Meno yangu iko ine, koo iko moja. Inatosha."

Akaitia yote kinywani. Akaizungusha kushoto, akaizungusha kulia. Wanaume wote walitazama lile shavu likienda na kurudi. Halafu akafumba macho, akaisukuma shavuni, akaendelea kuitafuna bila haraka.

Mimi nikala paja. Nitasema ukweli, kwa kuwa leo ni siku yake: sijala nyama kama ile kabla wala baada. Mafuta kiasi, nyuzi laini, mfupa umejaa. Uchaguzi wangu ulikuwa sahihi kabisa. Machozi yakanitoka, na watu wakanong'ona kwamba sumu imeanza kwa macho.

Tukangoja. Jua likateremka mpaka ukingo wa paa la kanisa. Mlinda kengele alikuwa ameshashika kamba. Alphonsine alinitupia jicho, akatazama kikapu, akanitazama tena. Nikaanza kuhesabu siku za kuatamia: ishirini na moja tangu kesho asubuhi.

Ndipo nyuma ya kanisa, kutoka bustani ya Padri, akatokea yule mtoto aliyetapika. Anatembea vizuri, tumbo mbele, pera bichi mkononi, la kijani kama jani, limeng'atwa nusu. Mfukoni mengine yamejaa. Mama yake akamwona, akaweka mkono mdomoni. Yai lilikuwa halali, mapera yalikuwa ya wizi, kwa hiyo asubuhi mtoto alikuwa amelitaja yai.

"Prezida," nilisema nikisimama, "muangalie mutoto ule. Muangalie kitu anakula."

Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wanamtazama mama mkwe.

Alikuwa ameachia sahani. Mkono mmoja uko kooni, mwingine tumboni, macho yamemtoka, kinywa wazi, na hakuna sauti. Hatimaye alikuwa ameimeza firigisi ya Gavana, nzima, nayo ilikuwa imekataa kushuka.

"Sumu," mtu alisema, na fimbo sita zikaondoka ukutani.

 Fabien aliinama, akachukua kikapu kwa mkono wake, akaanza kutembea kuelekea chooni.

Mama mkwe alikuwa kushoto kwangu, na alihitaji ngumi moja nzuri ya mgongo, sasa hivi. Kikapu kilikuwa kulia, hatua saba kutoka kwenye shimo, na Fabien ana miguu mirefu.

Naungama, wasomaji. Nilitazama kulia kwanza.